Kidole cha Mwasiti

Mzee Sefu amezeeka, lakini uongo wake bado kijana. Nilimkuta mwezi uliopita kwenye msiba wa Mwanahawa, kule Temeke, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, fimbo katikati ya magoti, anawasimulia vijana waliotoka makaburini jinsi wapangaji walivyomharibia shemeji yake eda. Shemeji yake alikuwa Bi Tatu, mama mwenye nyumba wetu wa zamani, ambaye naye alikwisha kutangulia mbele ya haki. Nilisikia nikitajwa kabla Mzee Sefu hajajua kama nipo: yule binti wa Masasi wa chumba cha mwisho, yeye na huyu tuliyemzika leo, ndio waliomchukua mjane wa watu, mtu mzima asiyejua hili wala lile, wakamburuta barabarani kwenda kupiga kura. Vijana walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, na msibani mtu hamuumbui mzee, basi nikameza tonge na maneno yangu nikayameza pamoja nalo. Lakini usiku sikulala vizuri. Katika wanawake walioshika shuka siku ile nimebaki mimi tu, na nikinyamaza, ya Mzee Sefu ndiyo yatakayobaki.

Habari za kwetu na za kilichonileta mjini naziruka, kwani kila mtu wa Temeke anayo hadithi yake ya namna hiyo na zote zinafanana. Nianzie kwenye nyumba. Ilikuwa na vyumba huku na huku, korido katikati, na uani kulikuwa na jiko la mabati, choo, bafu la makuti na mpapai mmoja dume uliokuwa unatupa kivuli tu. Kuta za vyumba hazikufika juu. Kati ya ukuta na bati palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na hapo yalipita yote: kikohozi, harufu ya samaki wa jirani, ugomvi wa mtu na mumewe, dua za alfajiri. Kwa hiyo nikisema nilisikia, nilisikia kweli. Chumba changu kilipakana na cha Bi Tatu na mumewe Mzee Ramadhani, mstaafu wa bandarini, mtu mpole aliyekuwa akisalimia hata kuku. Mbele yangu alikaa Mwanahawa, mkaanga vitumbua, aliyenizidi umri kidogo na maneno sana. Mimi nilikuwa nashona magunia kwenye karakana moja ya Chang'ombe, nikirudi jioni nina vumbi la katani mpaka kwenye kope. Tulikula ugali na dagaa wa nazi, mihogo ya kuchemsha na chachandu, na siku mzigo wangu ulipofika kutoka kusini, ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo Bi Tatu aliidharau mbele ya watu kisha akanifuata chumbani kuniuliza kama imebaki.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na mji mzima ulikuwa umepandwa na wazimu wa kofia, fulana na vipaza sauti. Mimi hayakunihusu. Nilikuwa na miaka ishirini na akili yangu yote ilikuwa kwenye kupata cherehani yangu mwenyewe. Bi Tatu hakuniuliza yanihusu au hayanihusu. Siku uandikishaji ulipoanza alisimama katikati ya korido, kanga imefungwa kiunoni, akasema kwa sauti ya kufika vyumba vyote kwamba nyumbani kwake hakai mwanamke asiye na shahada ya kupigia kura, na asiyetaka afungashe. Waume za watu walicheka. Kesho yake wanawake wote wa nyumba ile tulikuwa kwenye foleni ya shule ya msingi, yeye mbele, mimi nyuma nikinung'unika kwamba nimekosa kazi kwa ajili ya kikaratasi. Alinisikia, maana masikio alikuwa nayo, ila hakugeuka.

Jioni yake ndipo nilipoelewa. Tulikuwa uani, yeye juu ya mbuzi anakuna nazi, sisi tunachambua mchicha. Alitusimulia kwamba katika ujana wake, kabla ya uhuru, yeye na rafiki yake Mwasiti walikuwa wakiuza kadi za chama kilichokuwa kikiudai uhuru huo. Walikuwa kikundi kimoja cha ngoma, sare moja, na wanawake wa kikundi chao ndio waliopita nyumba kwa nyumba, kwa sababu wanaume wenye kazi za serikali walikatazwa kujiunga na wengine wengi waliogopa kuonekana. Kadi walizificha chini ya mihogo kikapuni, na kikapu chini ya buibui. Askari gani, alituuliza, angemvua mwanamke buibui ili akague mihogo? Mwasiti ndiye aliyekuwa na sauti. Akifika uani mwa watu alianza na wimbo wa ngoma, wanawake wakakusanyika kuitikia, na wimbo ulipokwisha kadi nazo zilikuwa zimekwisha. Kisha kura ya kwanza ikaja. Na ilipokuja, Bi Tatu alisema, mkono wake ukiwa umesimama juu ya nazi, iliwataka waliosoma, wenye mshahara na wenye vyeo. Yeye na Mwasiti hawakuwa na kimoja. Siku ile walipika pilau, wakawapakulia waliotoka kupiga kura.

"Wakala," alisema, "wakatuambia asanteni."

Mwasiti alifia uzazini kabla haujafika ule uchaguzi ambao kila mtu mzima, aliyesoma na asiyesoma, alikaribishwa. Bi Tatu alikwenda peke yake. Tangu hapo hakukosa hata mmoja, hata ile miaka ya mgombea mmoja wa urais na wabunge wa alama ya jembe na nyumba, watu wakimcheka kwamba anajisumbua. Alikuwa anakwenda, alisema, kwa sababu mwenzake hakufika. Akarudi kukuna nazi. Mwanahawa, ambaye siku zote alikuwa na neno la kutia, alitia maji kwenye mchicha. Mimi nilikiangalia kile kikaratasi changu usiku, nikakihamisha kutoka chini ya sufuria nikakiweka kwenye Biblia.

Mzee Ramadhani alifariki mwezi wa nane, usingizini, bila kumsumbua mtu, kama alivyoishi. Bi Tatu akaingia eda. Kwa asiyejua, hiyo ni miezi minne na siku kumi ya mjane wa Kiislamu kutulia nyumbani: hajipambi, hapaki wanja wala hina, hajitii manukato, hatoki bila haja, na jua halimzamii nje. Alivua hereni, akavua na pete ya fedha aliyoivaa tangu kuolewa, akajitanda shuka nyeupe na kukaa kwenye mkeka chumbani mwake. Aliishika eda ile kwa mapenzi, nataka hilo lijulikane, kwani alimpenda mumewe na aliipenda dini yake. Na hapo ndipo Mzee Sefu, mdogo wa marehemu, alipoanza kuja kila siku kuilinda. Kwa kuwa si maharimu wake, hakuweza kuingia wala kumwona, hivyo ilimbidi akae kwenye kistuli koridoni na kusema na pazia. Nilikuwa nikitoka kazini namkuta, mtu mzima na baraghashia yake, anakikemea kitambaa cha maua.

Kampeni zilipopamba moto Bi Tatu aliniomba niweke redio yangu ndogo juu ya ukuta, pale kwenye nafasi, ili tuisikilize pamoja, kila mtu kwake. Mgombea akitoa ahadi isiyomwingia akilini, alikohoa. Wiki zile nilijifunza siasa kwa kikohozi chake, na siku hizi nikisikiliza hotuba peke yangu bado huwa nakingojea.

Siku chache kabla ya kura, nikiwa nimejilaza baada ya kazi, nilimsikia akimwambia Mzee Sefu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, kwamba siku hiyo atatoka. Kistuli kililia. Mzee Sefu alisema mjane hatoki. Bi Tatu akasema alikwisha kumwuliza Maalim Zuhura, mwanamke aliyekuwa akifundisha madrasa ya mtaani kwetu, naye amemwambia mjane hutoka mchana kwa haja yake na hurudi kabla ya jua kuzama. Mzee Sefu akasema haja ni dawa na chakula. Kura ni haja gani kwa mwanamke ambaye udongo wa kaburi la mumewe bado mbichi? Kama anataka kuuaibisha ukoo, basi ajue ukoo hautakuja kumtoa eda siku itakapokwisha, na hata nyumba hii, ambayo ni ya kaka yake, itabidi izungumzwe. Aliyasema hayo kwa mwanamke aliyekaa chini upande wa pili wa pazia, na mpaka leo nikiyakumbuka mkono unanisisimka kutaka kumpiga mtu. Pakawa kimya. Nadhani aliuona ule ukimya ni ushindi, kwa sababu aliongeza hoja aliyoiona ya mwisho: wapiga kura wanapakwa wino kidoleni, wino ni rangi, rangi ni pambo, na mjane hapambwi.

"Shemeji Sefu," Bi Tatu alisema, "wewe una wake wawili. Uliona wapi mwanamke kajipamba kidole kimoja, tena cha mwisho?"

Chumba cha pili mtu alipasuka kwa kicheko. Cha tatu nacho kikafuata, na huko jikoni Mwanahawa aliangusha mwiko. Mzee Sefu alichukua kofia yake na kuondoka bila kuaga pazia. Leo nakubali hakuwa mtu mbaya. Alimzika kaka yake kwa heshima, na alichokiogopa zaidi duniani ni maneno ya watu. Lakini mtu akiogopa maneno ya watu na ajifungie ndani yeye, asimfungie mwanamke mwingine.

Tulimwogopea Bi Tatu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na nyumba ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho. Tulikaa uani tukashauriana, na Mwanahawa ndiye aliyeleta wazo la shuka. Kama tatizo la Mzee Sefu ni macho ya watu, alisema, basi watu wasimwone. Tumtoe kama anavyotolewa mwali, chini ya shuka, wanawake tumemzunguka, aende na kurudi bila jicho kumgusa. Lilikuwa wazo la kipumbavu kuliko yote niliyopata kuyasikia nyumba ile, na hakuna aliyeliona hivyo. Tulilipenda. Tulishona shuka mbili pamoja, mimi ndiye niliyeshona, kwa mshono wa magunia usiofumuka. Bi Tatu alitusikiliza hadi mwisho, akasema tufanye tunavyoona mradi afike.

Siku yenyewe tulitoka asubuhi, yeye katikati, mimi nimeshika pembe ya mbele kushoto na Mwanahawa ya kulia, wenzetu nyuma na pembeni na kanga zao. Tulipofika kwenye kona ya duka la mkaa ndipo kosa letu lilipotufikia. Ukipita mitaa ya Temeke na mwanamke chini ya shuka, wanawake wamemzunguka, watu wanajua kitu kimoja tu. Mama mmoja aliyekuwa anafagia nje kwake alitupa ufagio akapiga kigelegele. Wa jirani akakipokea. Mara mtaa mzima ukawa unamshangilia mwali, huyu anauliza kaolewa wapi, yule anakata kiuno nyuma yetu na beseni kichwani. Vigelegele, kwa mjane aliye edani! Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanahawa alikuwa anasema kwa meno yaliyobanwa, "Mfiwa huyu jamani, ni mfiwa," na ndiyo kwanza wakazidi. Nikaona shuka inatetemeka, nikajua tumemliza. Niliinama kumchungulia. Bi Tatu alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtiririka, anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mumewe afe.

Shuleni karatasi za kura zilikuwa hazijafika. Asubuhi ilipita, adhuhuri ikapita. Tulimkalisha kwenye kivuli cha ukuta wa darasa na kupokezana kushika shuka, mikono ikafa ganzi, mtu akaleta mihogo na maji. Watu walianza kuondoka. Alasiri Mzee Sefu akafika, habari za mwali zilikwisha kumfikia. Alisema na shuka kama alivyozoea kusema na pazia. Bi Tatu akamjibu kutoka ndani kwamba jua likigusa paa la darasa lile atanyanyuka aende zake, kura au si kura, kwa sababu eda ni yake na Mungu wake na haihitaji karani. Nilimwamini. Angeondoka kweli, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba alikuwa tayari kuikosa kura kuliko kuvunja alichokiamini, na bado walimwita mvunjaji. Masanduku yalifika jua likiwa limekaribia sana paa. Foleni mbele yetu ilikuwa ndefu, wanawake waliokaa tangu alfajiri na watoto mgongoni. Mmoja akauliza ni nani yule chini ya shuka. Mwanahawa, sauti imemkauka, akamwambia ukweli wote kwa sentensi mbili. Yule mama akajisogeza pembeni. Aliyemfuata naye akajisogeza, na mwingine, mpaka mlango wa darasa ukaonekana. Bi Tatu alipiga kura yake, nami nikapiga ya kwanza maishani mwangu, na adhana ya magharibi ilitukuta tukikanyaga kizingiti cha nyumba.

Kisha redio, ikiwa palepale juu ya ukuta, ikatangaza kwamba uchaguzi wa Dar es Salaam umefutwa na utarudiwa.

Upande wa pili sikusikia hata kikohozi. Nililia, si kwa huzuni, kwa hasira. Nilisema kwa sauti, nikijua ananisikia, kwamba mimi sirudi, wasitufanye watoto, waliochelewesha karatasi wapige wenyewe. Mzee Sefu alikuja jioni ile na uso wa mtu aliyejibiwa dua, akaliambia pazia kwamba Mungu amekwisha kuonyesha. Bi Tatu alimwambia awasalimie wake zake. Alipokwenda, aliniita kupitia ukutani.

"Yusta, bado unalia?"

Nikamwambia sikulia.

"Mie niliingojea kura ya kwanza mpaka mwenzangu akafa. Nitashindwa na hizi wiki chache?"

Siku ya marudio palikuwa na manyunyu ya vuli. Vyama vingine vilisusa, na watu wengi walibaki ndani, wengine kwa uchovu, wengine kwa msimamo wao, wala siwalaumu. Mimi na Mwanahawa tulisimama mlangoni pa Bi Tatu na shuka yetu tayari, akaitazama akatuambia tuirudishe kabatini. Mkinifunika mnaniozesha, alisema. Alitoka amejitanda shuka nyeupe ya eda, uso wazi, miguu ndani ya kandambili, akashika katikati ya njia. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama wa ufagio alikuwa tena nje kwake, na safari hii aliona ni nani. Aliegemeza ufagio ukutani, akajifunga kanga ya pili, akaingia nyuma yetu bila kuuliza. Wengine wakafuata, mmoja huku, mmoja kule. Tulipofika karibu na kibaraza ambapo Mzee Sefu na wenzake hunywa kahawa asubuhi, wanaume walishusha vikombe. Bi Tatu alitoa salamu. Waliitikia wote, hata yeye, maana salamu haina namna. Na kwenye kona ya mbele mke mkubwa wa Mzee Sefu alikuwa amesimama peke yake kwenye manyunyu, mkoba kwapani, anatungoja.

Ndani ya darasa msimamizi, msichana wa rika langu, aliushika mkono wa kushoto wa Bi Tatu na kuona wino wa mara ya kwanza bado umeganda kwenye ukucha wa kidole cha mwisho. Akanong'ona na mwenzake. Kisha akasema, kwa adabu, "Bibi, hiki tayari. Tupake kinachofuata." Kinachofuata ni cha pete, na ngozi pale pete ilipokaa miaka yote ilikuwa bado nyeupe. Bi Tatu alikitoa. Mimi nilikuwa mlangoni nangoja zamu yangu, na alipotoka hakutazama kushoto wala kulia. Alisimama mbele yangu na Mwanahawa, akainua mkono, vidole viwili vya wino vimesimama.

"Hiki changu," alisema. "Hiki cha Mwasiti."

Hakutuambia kamwe alimpigia nani, nasi hatukuthubutu kumwuliza. Eda ilipokwisha, wanawake wa ukoo walikuja wote kumtoa, wakiongozwa na yule mke mkubwa, wakamwogesha, wakampikia wali wa nazi na kuku, na nyumba haikuzungumzwa na mtu mpaka alipokufa ndani yake, miaka mingi baadaye, kitanda kilekile, ukuta uleule usiofika juu. Mimi nilikwisha kuhama. Nilipata cherehani, nikapata na nyingine, nikaolewa, nikafiwa na mume, na nikajua mwenyewe ukubwa wa jambo alilolifanya mama yule katika mwezi ambao mtu hata kula anasahau.

Nimepiga kura kila mara tangu hapo. Nyingine zimenifurahisha na nyingine zimenitia uchungu. Mabinti wa karakana yangu huniambia kura ni kupoteza muda, mama, haibadilishi kitu, na mimi sibishani nao kwamba kura inatibu kila ugonjwa. Bi Tatu mwenyewe asingesema hivyo, yeye aliyewapikia pilau wapiga kura na kuosha masufuria. Ninawauliza swali moja tu. Kama haina maana, kwa nini mtu mzima na baraghashia yake alikaa koridoni kutwa kumzuia mwanamke mmoja asiende nayo? Kitu kisicho na maana hakiwekewi mlinzi. Ninawashukuru wanawake wa kikapu cha mihogo, ambao nilimfahamu mmoja, na wengine wote nilisikia tu sauti zao kupitia kwake. Namshukuru Mwasiti, ambaye sikumwona hata kwenye picha, aliyeuza kadi kwa wimbo na akafa hajapiga kura hata moja. Shukrani yangu kwao siitoi kwa kuinamisha kichwa. Naitoa kwa kusimama foleni, jua likiwaka au mvua ikinyesha, na atakayeniambia nikae chini atanikuta na jibu.

Nirudi msibani. Kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga Mzee Sefu, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Vijana walikuwa bado wamemzunguka. Nikampa shikamoo. Aliitika marahaba, akakunja macho, akauliza nani mwenzangu, macho yake siku hizi si mazuri. Sikutaja jina. Nilichuchumaa mbele ya kiti chake, nikainua mkono wa kushoto, nikamwonyesha vidole viwili, cha mwisho na cha pete.

Alivitazama kwa muda. Mkono wake ukahama kwenye fimbo.

"Yusta," alisema.

"Ndiye mie, mzee. Nasikia tulimburuta Bi Tatu."

Kijana mmoja aliacha kutafuna. Mzee Sefu alitazama chini kwenye jamvi, midomo ikimchezacheza kama mtu anayetafuta jino lililong'oka, kisha akasema, kwa sauti ndogo iliyoishia kwenye ndevu zake, kwamba hapana, yule mwanamke ndiye aliyetuburuta sisi sote.

"Sema kwa nguvu, mzee wangu," nikamwambia. "Vijana hawajasikia."